Mkono wa Maryamu Kwenye Kona ya Mwisho

Baba Maryamu, mume wangu,

Allah alitie nuru kaburi lako. Leo nakuandikia nikulaumu kwanza, kisha nikushukuru, maana yote mawili yamenijaa kifuani.

Unakumbuka ulivyomfunza mtoto wa kike gari? Pikapu yako ya karafuu, njia ya Msuka, mie nyuma nimekumbatia gunia napiga makelele, "Utaniulia mwanangu!" Nawe unacheka tu. "Klachi, Maryamu. Polepole. Na mtu mzima hapitwi kimya. Mpigie honi, nyanyua mkono." Mpaka tufike Wete mmesalimia hata waliosinzia barazani, na mie nimeshanuna.

Sasa sikiliza. Maryamu huyo huyo, mwalimu wa skuli, alichaguliwa kwenye mbio za magari za televisheni, zile za madereva wa kawaida wenye kazi zao nyengine. Nilimwombea dua, nikamfungia mikate ya mofa ya safari. Lakini majirani hapa mtaani Jadida niliwaambia kaenda harusini Dar es Salaam. Ndiyo, niliongopa. Niliogopa maneno ya watu, eti mjane kashindwa kumlea binti. Maryamu alijua. Aliniangalia tu, nami nikatazama pembeni.

Jumamosi nikaenda kwa jirani yetu Bi Raya, maana televisheni yetu imekufa. Sebule imejaa wanawake. Watatu wa kwanza ndio wanaoingia fainali, na mzunguko wa mwisho mwanao alikuwa wa tatu, Baba Maryamu! Vumbi tupu, helmeti kichwani, hakuna aliyemtambua ila mie. Niliuma buibui mpaka likalowa. Kwenye kona ya mwisho kasimama mzee wa bendera, mvi tupu. Na mwanao, wallahi, akapunguza mwendo, akapiga honi, akanyanyua mkono. Gari la nyuma likampita huyoo! Akamaliza wa nne. Hapo ndipo nilipokulaumu, kimoyomoyo.

Sebule nzima ilicheka. Mtangazaji naye hana mbavu. Maryamu alipovua helmeti akaulizwa kulikoni, akasema, "Kwetu Pemba mtu mzima hapitwi kimya. Mkono ulikwenda wenyewe. Baba ndiye aliyenifunza kuendesha." Akalitaja jina lako kamili, na la babako, nchi nzima inasikia. Mie machozi yakanitoka.

Kicheko kikakatika. Bi Raya akanigeukia. "Mama Maryamu, si mwanao huyu? Si yuko harusini?"

Ningeweza kusema kafanana naye tu. Nikasimama, ushungi umeporomoka. "Hakuna harusi. Niliwaongopea. Huyo ni Maryamu, binti yangu wa kumzaa, na hapa Wete sijamwona mwanamume anayemweza kwa gari."

Bi Raya akapiga kigelegele, na wenziwe wakamfuata. Fahari niliyoisikia, mume wangu, sijui hata niiweke wapi. Ulimlea vizuri, nami leo nakushukuru. Pumzika, nitaendelea kukuombea.

Nikwambie na hili moja. Jioni ile Maryamu alinipigia simu, analia. "Mama, nisamehe. Sasa watu wote watajua."

"Wanajua," nikamwambia. "Nimewaambia mimi."

Akalia upya, lakini kilio chengine.

Mkeo,
Mama Maryamu