Mnada wa Kutazama Tu

Jumatano, Nachingwea. Joto kali, na wingu limesimama upande wa Kiegei tangu asubuhi bila kushusha tone. Hasira yangu nayo iko hivyohivyo.

Leo nimefuta karibu dakika nne za kazi ya Mwalimu Deo.

Niandike sababu kabla sijaanza kujitilia shaka. Mimi ni fundi simu. Kutengeneza gemu nimejifunza mwenyewe, kwenye meza hiihii ya kubadilishia vioo. Mwalimu Deo, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi Ruangwa, ndiye mchoraji. Gemu yetu ni msimu mmoja wa korosho: unapulizia dawa, unaokota, unaanika, unapeleka ghalani, mpaka mnadani. Jumamosi tunaionyesha Ruangwa kwa watu watakaochagua gemu moja tu ya kuisaidia imalizike.

Pale mnadani Deo aliweka sinema. Bei zinasomwa, wakulima wanatazamana, muziki unapanda, mzigo umeuzwa. Nakiri, mara ya kwanza nililia. Nikasema ibaki. Nilitaka tufanane na watengeneza gemu wakubwa.

Jana Mama Mkubwa alikuja kutoka Chiola na simu yake mbovu. Nikiwa nabadilisha betri, nikampa gemu acheze. Alikwenda vizuri, hata akanisema kwamba mikorosho nimeibananisha. Alipofika mnadani akaanza kugonga kioo.

“Mbona amekubali? Mie sijasema kitu.”

Nikamwambia hapo anatazama tu.

“Niokote mie, nianike mie, halafu wa kukubali bei awe mwingine? Shika simu yako.”

Toleo la majaribio linahesabu miguso. Kwenye sinema ile peke yake aligonga mara thelathini na moja.

Na kosa ni langu zaidi kuliko la Deo. Yeye ni mgeni. Mimi nimekulia huku, najua bei zikishasomwa wakulima wanaulizwa: mnauza, hamuuzi? Nimewahi kusimama mnadani Mtua na wenzangu tukasema hatuuzi, tukarudi nyumbani kusubiri. Halafu nikatengeneza mnada ambao mkulima haulizwi.

Asubuhi nilimpigia Deo.

“Dada, ile ndiyo roho ya gemu,” akasema. “Watu wa huku hawajazoea haya mambo. Wape cha kutazama.”

Watu wa huku.

Imenichoma, lakini sikugombana. Nilimjibu kwa hesabu. Gemu ina dakika ishirini, sita ni za kutazama. Nimewapa watu tisa waijaribu, saba waliweka simu chini pale mnadani. Hao saba hawakushindwa gemu, Mwalimu. Walinyang'anywa.

Kisha akauliza taratibu: “Na mtu akikataa bei, halafu?”

Halafu sijui. Hatukuwahi kutengeneza.

Nilipokata simu nikafuta. Nimebakiza sekunde kumi na tano tu, zile nyuso zinazotazamana, kwa sababu ni nzuri kweli na hakuna kitufe kinachoweza kusema kile zinachosema. Baada ya hapo picha inasimama na vitufe viwili vinatokea: Tunauza. Hatuuzi. Ukigusa cha pili, kwa sasa kioo kinakuwa cheusi.

Nikamtumia Deo. Nikamwandikia kwamba asipotaka kuchora kinachofuata, nitakwenda Ruangwa na weusi huohuo, na nitaueleza kwa mdomo.

Mchana kutwa nimebadilisha vioo vinne huku nikiitazama simu yangu.

Saa kumi na moja hii ameleta mchoro. Ghala limejaa, milango imefungwa, wingu la mvua juu ya bati, na mkulima amekaa kizingitini anasubiri.

Siku mbili zinatosha kuuingiza. Jumamosi sitawaeleza kitu wale watu. Nitampa simu wa kwanza wao, nitarudi nyuma hatua mbili, nione atagusa wapi.