Mitungi Miwili Mtoni Kyuso

Kwako dada Ndanu,

Huko Wote mmepata mvua? Huku Kyuso jua linachoma mpaka mbuzi wanalala chini ya mikokoteni. Lakini ndengu za shangazi ni tamu, na mimi niko salama.

Maji tunachota kwa kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Unaweka mtungi kwa foleni, unaenda kivulini, na hakuna anayegusa mtungi wa mwenzake. Isipokuwa wa mama mmoja, Kasyoka, kwa sababu huongea peke yake. Kila anayefika anausukuma mtungi wa Kasyoka nyuma.

Nikamwuliza shangazi mbona. "Utazoea," akasema. "Huyo hata hajali."

Kama hajali, mbona anakuja na mtungi?

Basi jana nilifunga mtungi wangu na wake pamoja, mkono kwa mkono, kwa ule mkanda wa kubebea maji ulionisukia. Nikakaa hapo juani. Hapa mgeni hasukumwi nyuma, na kila mtu anajua. Mwanamke mmoja alishika mkanda, akaniangalia, akauachilia. Tukachota, mimi na Kasyoka. Shangazi hakuniongelesha njia nzima.

Leo nimefunga tena, na nitafunga mpaka siku ya kuondoka. Shangazi bado amenuna, lakini mtungi wake ameuweka kando ya yetu.

Nakukumbuka sana, na watoto wako pia. Mkanda wako nitamwachia Kasyoka. Nisukie mwingine, dada, na huo uwe mrefu.

Mdogo wako,
Kanini