Bunduki Uliyoijenga na Mtu Mwingine

Mdogo wangu Nestori,

Jumapili ulipopiga simu kutoka Buffalo ukaniambia, "Kaka, ile bunduki mpe Dale," nilikujibu "sawa" nikakata. Haikuwa sawa. Ilikuwa sawa ya mtu ambaye akiendelea kuongea atatukana. Nimeona niandike, maana kwenye simu huwa unaniweka spika, na mimi siwezi kugombana nawe huku shemeji na wajomba zake wanasikiliza. Barua hii naiacha wazi. Shangazi wa Linden akitaka aisome, na hao wa Buffalo waisome, wote wajue kwamba kaka yako ana wivu. Nimeutaja mwenyewe msije mkahangaika kunitafutia jina la heshima.

Namwonea wivu Dale. Mzungu wa watu, mwenye kitambi na kofia ya kijani, mliyekuwa mkifanya kazi naye ghala moja hapa Okolona, Kentucky, wewe ukiendesha foklifti ya kuinulia mizigo na yeye akipakia malori. Hajanikosea lolote. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu angenikosea ningepata pa kumshikia.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza? Tulikuwa tumekwisha kuapa uraia. Msimu wa kuwinda ulipofika, wenzako kazini wakawa wanakuja na nyama ya paa kwenye makopo yao ya chakula, wakisimulia porini walikolala. Ukarudi nyumbani ukasema, "Kaka, na sisi tuwe na yetu." Yetu. Neno lile nililipenda kuliko bunduki yenyewe.

Tukaenda dukani siku ya mapumziko, tumevaa mashati ya kanisani kana kwamba tunakwenda kuposa. Tukachagua ile nyeusi ya ukutani, ya kuwindia, inayojikoki yenyewe kila unapovuta triga. Muuzaji alikuwa mtu mwema. Aliishusha, akatuacha tuishike, kisha akauliza mnunuzi ni nani.

"Sisi," nikasema.

"Nani kati yenu?"

"Wote wawili. Ni yetu."

Na wewe, kwa kutaka kunisaidia, ukaongeza kwamba pesa tumechanga, jina litakuwa langu, na atakayeitumia ni wewe. Loh! Uso wa yule bwana ulibadilika. Sheria yao inataka bunduki iwe ya mtu mmoja, na anayemnunulia mwingine kwa jina lake mwenyewe ana kesi. Kila neno tuliloongeza ili kusafisha lilizidi kuchafua. Mwishowe akairudisha ukutani, akatuambia kwa adabu kwamba leo hatuuzii kitu. Kambini, ukimbizini, tulikula miaka yote kwa kadi moja ya mgao yenye jina la baba, na hakuna aliyewahi kutuuliza unga ni wa nani. Tulivyofika kwenye gari tulicheka mpaka ukaegemeza kichwa kwenye usukani. Ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka katika habari hii.

Mimi nilisema turudi wiki inayofuata, uingie peke yako, ununue kwa jina lako, yaishe. Lakini ulikwisha kumsimulia Dale wakati wa kula, na Dale alikuwa amekupa akili nyingine: usinunue, jenga. Ukaja kunieleza macho yakikung'aa. Kuna bodi ya chini, yenye namba, ambayo kisheria ndiyo bunduki, na hiyo unainunua dukani na kuchunguzwa kama kawaida. Vilivyobaki, mtutu, kitako, triga na vispringi vyake, ni vipuri tu. Unaagiza kimoja kimoja, unafunga mezani.

"Ukiijenga unaijua," ulisema. "Ikikwama unajua imekwama wapi. Ya dukani utamwamini nani?"

"Kiwanda."

"Kaka, mimi na wewe tumewahi kununua kitu gani kizima?"

Ulidhani umenishinda. Kumbe ndiyo ilikuwa hoja yangu. Kambini nyumba yetu tuliifyatulia matofali wenyewe, na mlango tuliutengeneza kwa madebe ya mafuta ya msaada, kila upepo ukija unapiga ngoma. Baiskeli yetu fremu ilikuwa ya marehemu mmoja, magurudumu ya watu wawili tofauti, na breki zilikuwa soli za ndala zako. Nilichoka kuunganisha, mdogo wangu. Nilitaka mara moja tu maishani kitu kinachotoka kwenye boksi kikiwa kimekamilika, na karatasi yake ya maelezo ambayo hakuna aliyeifungua kabla yangu.

Hiyo ilikuwa hoja ya kichwa. Ya moyo ni nyingine. Kama ni kujenga, wa kujenga naye ni mimi. Ni nani aliyekufundisha kunyoosha spoku kwa mawe mawili? Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na wewe uliuacha mbachao nyumbani ukaenda kwenye gereji ya Dale.

Ukawa unakwenda kila Jumamosi. Ulirudi unanuka mafuta yake ya bunduki, ukisimulia mlivyopima, mlivyofunga, mlivyofungua tena, na mimi nimekaa na sufuria ya maharage. Siku moja nilikufuata. Dale alinipokea vizuri sana. Alinipa kiti na soda ya baridi, kama mgeni, nanyi mkaendelea kuinamia meza. Akasema, "Braza, nipe ile spana," nawe ukampa bila hata kutazama, mkono ukajua njia. Nilipatwa na hasira hata sikujua niiweke wapi. Soda ile niliinywa kama kwinini.

Halafu ukaja mtutu. Ulikuwa umeagiza wako, ukachelewa, Dale akakupa mmoja wa kwake. Uliingia nao umeushika kwa mikono miwili, umeuviringisha kwenye taulo, ukaulaza juu ya meza tunayolia chakula.

"Kaka," ulisema, "amenipa ng'ombe."

Nilikuelewa vizuri sana, na ningefurahi nisingekuelewa. Kwetu mtu hakupi ng'ombe kwa kuwa anao wengi. Anakupa ili nyumba yake na yako ziwe kitu kimoja, na siku ng'ombe huyo akizaa, unamrudishia ndama ili ajue hukusahau. Baba alipopewa ng'ombe na rafiki yake alilisimulia jambo hilo mpaka uzeeni, ingawa ng'ombe mwenyewe alibaki ng'ambo ya mpaka na vita. Mimi sijawahi kukupa ng'ombe, Nestori. Nilikulisha tangu mama alipofariki, lakini kulisha ni wajibu, hakuna anayekusimulia kwa sababu ya uji.

Paa wako wa kwanza mlimgawana nusu kwa nusu, wewe na Dale. Mimi nililetewa maini na salamu. Nilikula huku nimenuna, na yalikuwa matamu.

Kisha tukaenda Columbus kukuposea shemeji, ambaye kwao ni Buffalo na ndiko mngekaa. Kule mtaa wa Linden, sebuleni kwa Shangazi tulikokutana na wakwe, nilikuwa msemaji wako. Nilikusifu mpaka mwenyewe nikashangaa nina mdogo wa namna hiyo. Nilisema huyu kijana ana mikono, hata bunduki ya kuwindia ameiunganisha mwenyewe. Nikadhani nimefunga bao. Mjomba wa shemeji, yule Mkongomani wa Buffalo mwenye suti ya rangi ya maziwa, akaweka glasi chini.

"Bon, mushemeji, mikono iko muzuri," alisema. "Lakini ile bunduki hapana kuleta kwetu. Kule Buffalo sheria iko ingine. Ile ya kushikia kama bastola, ya kutoa magazini, ukivuka nayo, donc, polisi itakukamata, na mutoto wetu atabaki na harusi bila bwana."

Watu walicheka. Wewe ulimtazama mchumba wako, ukatazama zulia, ukasema, "Basi nitaiacha." Ukaiacha kwa maneno mawili, pamoja na zile Jumamosi zote! Sitadanganya, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo Dale kaachwa. Tulifika barabara kuu ya kurudi Kentucky ndipo nikatambua kwamba kumbe nimeachwa pamoja naye, na aliyetoa hotuba ni mimi.

Kabla hujaondoka uliniletea lile sanduku lenye kufuli, ukaniwekea mikononi. "Ni yako sasa, Kaka. Ifanyie unavyotaka." Nikalifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Wewe uko kiwandani Buffalo, unatengeneza sijui nini, una mke na theluji hadi magotini. Mimi nikitoka kanisani huwa naitoa bunduki yako, naipangusa kwa kitambaa kama ulivyonionyesha. Kuna mahali bisibisi ilikuponyoka ikachora mkwaruzo, ukakaa siku nzima hutaki kusemeshwa. Kidole changu kinapajua. Sijawahi kuipiga hata risasi moja. Nilikuwa nakaa nayo tu.

Sasa unanipigia: "Wewe hata huwindi. Na Dale sijamrudishia ndama. Mpe." Una hoja, sikatai. Lakini kitu ulichonipa kwa mkono, mdogo wangu, hukichukui kwa simu ukampa mtu mwingine. Nilinung'unika nyumba nzima mpaka binti yangu akavua spika zake masikioni. "Dad, just give it to him," akaniambia, kisha akazirudisha. Mtoto wa hapa huyo, hajui ndama ni nini.

Basi Alhamisi nikamwita Dale. Alikuja baada ya kazi, amevaa kofia mpya. Nikaweka sanduku mezani, nikalifungua, nikamweleza habari yote ya ng'ombe na ndama kwa Kiingereza changu kinachochechemea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtutu ule?" akauliza. "Nilikuwa nimenunua mwingine. Ule ulikuwa unanijazia kabati tu."

Mdogo wangu, furaha niliyoipata pale hata siku ya kuapa uraia sikuipata. Hakuna ng'ombe! Ulibeba taka ya mtu kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nilishindwa kuzuia meno yangu yasionekane. Yeye alikuwa ameushika mtutu wenyewe, anaugeuzageuza.

"Kwa hiyo yeye aliuona kama ng'ombe," akasema. "Na nikiichukua hii, atakuwa amenilipa?"

"Atakuwa amekulipa."

Akafunga sanduku, akalisukuma upande wangu. "Basi sitaki. Akishanilipa, atanipigia simu kwa sababu gani?"

Meno yangu yakarudi ndani. Nikamuuliza kama huwa unampigia. Akasema ulimpigia mara moja, ulipofika, kumwambia kuna baridi. Kisha akauliza, "Wewe je?" Nikamwambia ukweli, kwamba hunikosi Jumapili. Nikamwona anavyolimeza lile jibu. Uso ule naujua, ndio ninaounyoa kila asubuhi.

"Unajua alivyonichosha na wewe?" akasema. "Jumamosi nzima, kaka yangu hivi, kaka yangu vile. Kaka yangu anasema tununue. Kaka yangu angefunga hiki kwa waya tu. Nikawa natamani huyo kaka yake aje basi aifunge mwenyewe. Na ulipokuja, ulikaa kwenye kiti ukanitazama kama polisi."

Hukuniambia hayo, Nestori. Miaka yote ile hukuniambia hata neno moja. Ulirudi na mambo ya Dale kwangu, ukaenda na mambo yangu kwa Dale, ukatuacha kila mtu na sumu yake.

Nilimnawisha mikono, nikampa ugali na dagaa. Dagaa hakuwaweza, ugali aliuweza.

Kwa hiyo sikiliza. Bunduki simpi, na yeye haitaki. Ulinipa, ni yangu. Ila Dale anasema bunduki isiyopigwa ni kuitukana, na hilo nimeliona lina maana. Leseni ya kuwinda nimekata. Jumamosi hii tunakwenda porini, yeye na mimi, yeye ataendesha na chai nitabeba mimi. Hatukukualika. Najua una shifti, na najua ni mbali, na hata ungekuwa huna shifti tusingekualika. Tukipata mnyama tutamgawana wawili, kisha tutapiga picha tukiwa tumekumbatiana, tukutumie.

Iangalie vizuri hiyo picha. Roho ikikuuma usinipigie kuniuliza ni ugonjwa gani.

Msalimie shemeji, na ufunge koo kwa baridi hiyo.

Ni mimi kaka yako, ambaye hukumwambia.