Wino Bado Upo

Chumba namba 31, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha udobi.
14 Agosti 1996

Mpendwa mpwa wangu Chapuchapu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko mashuka yanayopita mbele ya macho yangu kwa siku moja, nayo hayana idadi. U hali gani? Mama yako hajambo? Baba yako na kile kifua chake anaendeleaje? Bibi mzaa baba yako bado anawajua watu kwa sauti ya miguu? Mimi huku sijambo, namshukuru Mwenyezi Mungu, mzima wa afya. Hofu yangu ni kwenu tu.

Kabla sijafika mbali, nisamehe kwa mwandiko. Najua umeshaanza kucheka. Herufi zimelala huku na huku kama nguo zilizopigwa na upepo kwenye kamba. Sababu ipo, nitaisema, ila si hapa mwanzoni. Barua hii naiandika kidogo kidogo, na leo ni siku ya tano tangu nianze.

Ama baada ya salamu, barua yako ilinifikia. Nimefurahi sana kusikia umepata kazi ya cherehani kwenye kiwanda cha nguo, na kwamba utasafiri mwisho wa mwezi ujao. Umeniomba nikueleze mtu anayehamia nchi ya watu ajiandae vipi. Umefanya la maana kuuliza. Mimi sikumuuliza mtu. Nchi unayokwenda siyo hii niliyopo, lakini ugeni ni ugeni. Chini kabisa ukaongeza kwamba mama yako alikwambia usinisumbue, mjomba wako siku hizi ni bwana mkubwa, hana nafasi na watu. Hilo nalo nitalifikia, maana lilinikalia rohoni siku nzima.

Tuanze na pasipoti. Toa nakala tatu. Moja mwachie mama yako, moja iweke chini kabisa ya begi, na ya tatu ishone ndani ya bitana ya koti. Hapo sina la kukufundisha, fundi ni wewe. Ukifika, huenda mtu wa kazini akakwambia umpe pasipoti akutunzie. Mpe nakala. Mwambie kwa heshima, tabasamu, lakini ile yenyewe usiiachie. Sisi tulipofika tulizikabidhi zote siku ya kwanza, kwa adabu zetu, kama watoto wanaokusanya madaftari. Kuirudisha yangu mkononi kulinichukua mwaka na nusu.

Na mkataba vilevile. Usitie sahihi kitu usichokielewa, hata kama foleni nzima nyuma yako inaguna. Jina la Chapuchapu hukupewa bure, toka utotoni ulikuwa unamaliza kula wenzio bado wananawa. Lakini siku hiyo uwe Polepole. Omba ukalale na hiyo karatasi, utairudisha kesho. Aliye na nia njema atakuruhusu.

Viatu chukua vya kufunika, vizidi mguu wako namba moja kwa ajili ya soksi nzito. Nguo za kuonekana ziache huko. Mimi nilikuja na suti, na katika miaka saba nimeivaa mara mbili: siku ya kufika na siku ya kwenda kuomba upya kibali cha kuishi. Inaning'inia nyuma ya mlango. Wakati mwingine naingia nimechoka, naiona, nashtuka nikidhani nimepata mgeni.

Anwani ya unapolala iandike kwenye karatasi siku hiyohiyo ya kwanza, uiweke ndani ya kiatu. Usicheke. Majengo ya huku yamefanana kama sare za shule. Wiki yangu ya kwanza nilirudi kutoka kazini, nikapanda ghorofa ya tatu, nikapambana na kitasa, nasukuma, natikisa, nakemea ufunguo. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Bibi wa watu, miguu ndani ya beseni la maji, ananitazama na ufagio mkononi. Nilikuwa nimekosea jengo. Nilimwamkia shikamoo kwa Kiswahili nikaondoka kinyumenyume. Nadhani yule bibi mpaka leo anasimulia.

Sasa nikwambie jambo ambalo halimo kwenye karatasi zao za maelekezo. Siku ya mapumziko ndiyo ndefu. Siku za kazi zinajivuta zenyewe, lakini siku hiyo unaamka, hakuna wa kumwambia umeamkaje, unakunywa chai ukitazama kikombe. Upande wa pili wa ukuta wangu alikuwa akiishi mtu mwenye kikohozi. Kila alipokohoa nilisema, "Pole." Mdomo ulisema wenyewe. Nilimwambia ukuta pole kwa miaka mitatu. Yeye hakuwahi kunisikia, na mimi sura yake sikuijua. Kisha siku moja sikusikia kikohozi, na kesho yake sikusikia, na wiki ile wakaja watu kupaka rangi chumba. Niliumia kama nimefiwa, na sikuwa na wa kumwambia, maana ningeanzaje?

Kwa hiyo tafuta watu wa kusali nao mapema, kabla hujawahitaji. Usisubiri mpaka uwe na shida ndipo ubishe hodi. Nenda ungali na nguvu, kaa nyuma, wakimaliza saidia kupanga viti. Mtu anayepanga viti anajulikana upesi.

Na ujifunze lugha yao, lakini usianze na salamu. Hapa ndipo nilipotaka kufika, mpwa wangu.

Unajua aliyenifunza adabu ni mama yako. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka minne, dada yangu kumi na mitatu. Alinilea. Hata kuandika, kabla sijaonja hayo madarasa yangu saba, ni yeye aliyeushika mkono wangu wa kulia ndani ya wake, tukaburuta kalamu pamoja. Siku moja alikuja mgeni, akaniuliza hali, nikajibu tumbo linaniuma. Mgeni alipoondoka nilifinywa sikio mpaka likalia. Akaniambia, "Ukiulizwa hali, unamshukuru Mungu kwanza. Shida haimwagwi mlangoni. Mtu akishakaa, akishatulia, ndipo unasema 'lakini'." Nimeishi hivyo. Na wewe umelelewa hivyo, na wote tunaojuana tuko hivyo. Mgonjwa wetu hajiwezi, anageuzwa kitandani, ukimuuliza hujambo atakujibu sijambo. Kisha unavuta kigoda, unakaa, naye anaanza kukueleza.

Kazi yangu unaijua, ni dobi. Tunafua mashuka ya hospitali na mahoteli. Kuna mashine ya kuyanyoosha, magogo mawili marefu ya chuma, yanazunguka yakiwa ya moto, shuka linapita katikati likatoka limekauka na kunyooka. Miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita shuka liliingia na mkunjo. Nikafanya kama ninavyotandika kitanda, nikapitisha kiganja kuulainisha. Chuma kikanishika vidole.

Mwenzangu alipiga ile kamba nyekundu ya kusimamisha, nikauchomoa mkono. Msimamizi akaja mbio na daftari lake. Akanisimamia, akaniuliza kwa lugha yao, u hali gani? Mpwa wangu, salamu za lugha yao nilikuwa nazijua vizuri kuliko kitu kingine chochote. Nikajibu vilevile nilivyofunzwa: niko salama, namshukuru Mungu. Nikangoja avute kiti. Nikangoja aulize tena, ndipo nimwambie lakini. Yeye akaandika "salama", akanipiga bega, akaenda zake.

Huku mtu akisema salama, amemaliza.

Nilifunga kitambaa nikaendelea na kazi. Siku ya tatu mkono haukuingia kwenye mkono wa shati. Kuna fundi wa tanuri la mvuke, mtu wa upande wa kule kwetu, tunamwita Mzee Boila, yuko hapa tangu ujana wake. Akaniona naangusha ndoo.

"Hebu lete hapa huo mkono. Msimamizi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia niko salama."

"Salama ya nani? Ya mashine?"

"Aliniuliza hali, mzee. Ningeanzaje kulia kabla ya kumjibu?"

"Ehe! Ukamjibu, na yeye akaandika. Sasa kwenye daftari lao wewe mzima, huu mgonjwa ni mkono peke yake. Twende, mwanangu wewe, kabla hawajaukata."

Alinishika kiunoni kama mtoto, akanipeleka kwa daktari. Huko nako wakafungua karatasi za kazini, wakasoma mfanyakazi mwenyewe alisema yuko salama, wakauliza basi haya yamempata wapi? Wakati wanabishana, siku nyingine mbili zikapita. Mkono ulipona kwa rehema za Mungu. Lakini kidole cha kati na cha pete havikunjiki tena. Vimenyooka kama vijiti. Siku hizi nasukuma matoroli ya nguo chafu. Kalamu kwenye mkono huo haikai.

Ndiyo maana barua zangu zilikuwa za mistari mitatu. Hatujambo, nawaombea, wasalaam. Mistari hiyo mitatu ilinitoa jasho, Chapuchapu, nikibana kalamu kati ya kidole gumba na kiganja ili mwandiko ufanane na wa zamani, mama yako asijue. Kwani si yeye aliyenizuia nisisafiri? Alinisihi sana, nikamjibu kwa kiburi cha ujana uliokwisha muda wake. Ningemwandikiaje kwamba yale aliyoyaogopa yamenipata? Na kumwomba Mzee Boila aniandikie niliona haya. Hata kule kwenye kibanda cha simu, dakika zenyewe zinapita unaulizwa hujambo, unajibu sijambo, zimekwisha.

Mama yako akaona mistari mitatu akasoma maringo. Barua yake ya mwisho ninayo, niliiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Ameandika: "Mdogo wangu, naona huko wino ni adimu. Ukitaka tutakutumia kutoka huku." Hivyo tu. Hiyo ni miezi kumi na mmoja sasa, na tangu hapo kimya. Namjua dada yangu. Akikasirika anafoka, lakini akiumia ananyamaza. Najua ameumia, na ninaogopa mmoja wetu atakufa tukiwa hivi, yeye akiamini nimemsahau.

Mwezi wa tatu nilianza kujifunza kwa mkono wa kushoto. Kila siku baada ya sala naandika ukurasa mmoja wa herufi, a, e, i, o, u, mtu mwenye mvi kama mimi. Hii unayoisoma ndiyo barua ya kwanza ya mkono huo.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huu, mengine yote hata ukiyasahau. Kabla hujajua salamu zao, jua kusema "inauma", jua kusema "hapa", jua kusema "sijaelewa, rudia". Mtu wa kazini akikuuliza hali, anza na linalouma. Mungu hatakasirika ukimshukuru baadaye, anajua unatoka wapi. Adabu ya nyumbani usiitupe, ila ihifadhi kwa watu watakaovuta kiti wakakaa.

Na kwetu sisi pia ukiandika, usituandikie kama nilivyoandika mimi. Nilidhani nawaondolea mzigo, kumbe nimewabebesha mwingine ulio mbaya zaidi.

Sasa nakutuma. Kabla hujafunga begi, chagua saa ambayo mama yako ametulia, hana chungu jikoni wala mgeni sebuleni. Kaa chini. Msomee barua hii yote, hata pale pa bibi na ufagio, maana nataka acheke kidogo kabla. Usiisome chapuchapu. Ukifika penye mkono, akinyanyuka aondoke, mwache aende, atarudi. Akikuuliza kwani mdogo wangu hajambo, usimjibu kwa niaba yangu. Mpe karatasi aitazame mwenyewe. Ule mwandiko anaujua, ndio niliokuwa nao siku ile ya kwanza aliponishika mkono.

Nisalimie baba yako, mwambie shemeji yake anamwombea kifua. Msalimie bibi, mshike mkono unaposema jina langu. Kaka zako wawili, na wifi yako aliyejifungua, na yule mjukuu nisiyemjua, wote mmoja mmoja wape salamu zangu. Mzee Boila naye anakusalimu, anasema ukikuta mashine yoyote inayozunguka, iamkie kwa mbali.

Safiri salama mwanangu. Mungu akutangulie mlangoni, akae nawe mezani, na siku ya mapumziko asikuache peke yako.

Na ile salamu niliyoanza nayo haikuwa kamili, naomba niirudie. Mimi huku sijambo, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, na chumba ni kimya mno, na nimemkumbuka dada yangu. Ninyi je, hamjambo? Nijibuni na lakini zenu.

Ni mimi nikupendaye sana,
Mjomba wako.

Nilitaka kusahau: mwambie mama yako wino bado upo, asijisumbue kutuma. Kilichopungua ni vidole.