Mama Hapandi Mlima kwa Machela

Same, 9 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na masikio hayajazidi kuziba. Sisi huku wazima, ila joto la Same linatutoa jasho mpaka kwenye kope. Mama anakusalimu sana. Nyonga inaendelea vizuri. Anatembea na fimbo kutoka chumbani mpaka kibarazani bila kushikwa, na akifika anakaa kutazama mabasi yanayopanda milimani bila yeye.

Baba, kaa kwanza. Umekaa? Nimepata dawa ya lile gari!

Unaikumbuka ile Krismasi yetu. Mjomba Fredrick ametuletea gari refu, linang'aa, kila anayelitazama anasema hilo ni la milimani, nami kwa furaha nikampakia Mama siku hiyohiyo bila hata kuchungulia chini. Kufika ile kona kali ya kwa Ernesta likaanza kurudi kinyumenyume, roho yangu mkononi. Vijana wakaja na machela wampandishe, akagoma. Maneno yake hayajanitoka kichwani: "Nilishushwa nimebebwa kwa sababu nilivunjika. Huku kwetu anayepandishwa kwa machela ni maiti. Mimi bado." Tukageuza, akalia mpaka Makanya.

Sasa nimelala chini ya gari nikalikagua. Kumbe nguvu yote ya injini inakwenda matairi ya nyuma. Ya mbele kazi yao ni kukata kona tu! Umbo la foo-wili, lakini miguu inayofanya kazi ni miwili.

Mzee Nassoro, bosi wangu gereji, akasema linaweza kuongezewa nguvu ya mbele. Kule Makanya kuna Abdulmajid, ana gari la aina hiyohiyo, lenyewe foo-wili ya kweli. Lilipinduka, bodi haitamaniki, ila chini ni zima. Amekubali tulichinje. Tutatoa transfa, yaani boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, pamoja na difu ya mbele inayozungusha matairi, propela na shafti zake, tufunge kwenye letu.

Tukimaliza kabla masika hayajakolea, Mama atapanda amekaa kwenye kiti, na viatu vyake vya kanisani miguuni. Ndivyo anavyotaka, na ndivyo itakavyokuwa. Nina raha, Baba, sijui hata nikuelezeje!

Mwanao,
Careen


Chome, 16 Februari 2025

Mwanangu Careen,

Marahaba. Barua nimeipokea mkononi mwa Rodrick, kondakta. Alinipigia kelele kitu sikioni, sikukisikia, nikamjibu, "Na wewe pia." Mimi mzima, kuku wazima. Mgonjwa ni makande ninayopika mwenyewe. Maharage yanakataa kuiva, nayatafuna hivyohivyo ili mradi siku ipite.

Na usiniletee tena habari za kuninunulia simu. Hiyo naiona ikiwaka taa tu, na herufi zake ni sisimizi. Barua naisoma, naikunja, kesho naisoma tena.

Haya, gari! Nimesoma uliyoandika mpaka nikasimama. Nikamvukia Tumainieli uani kwake nikamsomea naye. Unamjua jirani yetu kwa ubishi. Kasema kiungo ambacho kiwanda hakikuweka, binadamu akikibandika kitadondoka njiani. Nikamwambia kwa Careen hakidondoki. Kasema gari hilo likipita kwa Ernesta, jogoo wake mwekundu ni wangu. Basi nimeanza kumlisha yule jogoo kwa siri, asije kufika kwangu amekonda.

Nina swali lakini. Hayo matairi ya mbele yakianza nayo kuvuta, hayatagombana na ya nyuma? Maana wakubwa wawili wakiwa nyumba moja, unajua mwenyewe.

Mwambie mama yako kiti chake hakuna aliyekikalia. Mchungaji alipokuja nilimpa stuli. Tangu ashushwe mwezi wa saba, Careen, nyumba hii imenishinda. Nasema wazi wala sioni haya: namtaka mke wangu. Fanya hima.

Baba yako,
Gideoni


Same, 15 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo huko na baridi? Nisamehe kwa ukimya wa mwezi mzima. Sikutaka kukuandikia nikiwa na uso wa msiba, na msiba ulikuwepo.

Tulifunga kila kitu. Mama akaja kukaa gereji kwenye kiti cha plastiki, akiwaamuru mafundi wote kana kwamba gereji ni ya babu yake. Mzee Nassoro mwenyewe akawa anaitika, "Ndiyo, Mama Careen." Siku ya majaribio tukavuta gia ya foo-wili, nikatia mwendo. Lo! Gari likaanza kurukaruka na kuguguna, harufu ya kuungua ikapanda, nikazima haraka. Mama akanyanyuka na fimbo yake, akashika njia ya nyumbani. Siku hiyo nililia, Baba, tena mbele za watu.

Kumbe swali lako ndilo lilikuwa jibu. Tulilipandisha juu ya stendi tukazungusha kwa mkono. Difu ya mbele, ya Makanya, inazungusha matairi upesi kuliko ile ya nyuma tuliyokuwa nayo. Ni kama wabeba machela wawili, mmoja anakimbia na mwingine anatembea. Lazima waanguke tu. Mimi nilichukua difu moja nikaacha mwenzake, kwa kudhani ya nyuma tunayo tayari. Pupa hiyo!

Basi tukarudi Makanya. Abdulmajid akacheka mpaka akakaa chini, akatupa na difu ya nyuma. Tukaifunga. Jana nimelipeleka kwenye korongo la mchanga nje ya mji, mahali ambapo hata trekta linafikiria mara mbili. Nikavuta gia. Baba, limepanda! Limepanda kimya, taratibu, matairi yote manne yanakula mchanga! Nimepiga vigelegele peke yangu ndani ya gari. Niliporudi Mama akaniuliza, "Limepanda?" Nikasema limepanda. Akaomba brashi na dawa ya viatu.

Tunakuja Jumamosi, tarehe tano Aprili. Jiandae!

Mwanao mwenye grisi mpaka masikioni,
Careen


Chome, 23 Machi 2025

Careen wangu, Careen wa Gideoni!

Marahaba, marahaba mara mia. Hatujambo kijiji kizima. Nasema kijiji kizima kwa sababu nimewatangazia kanisani baada ya ibada, na kwa kuwa siisikii sauti yangu, wanasema nilitangaza mpaka Suji wakasikia.

Mambo yamewaka moto. Mwenyekiti kaitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima, pembe ikapigwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Kwa Ernesta tumeziba mifereji kwa mawe. Tumainieli naye alikuja, kabeba jiwe moja dogo, kasema hataki kumsaidia mtu amnyang'anye jogoo. Kina mama wamegawana kazi ya makande ya siku hiyo. Nimekatazwa kusogelea chungu.

Na mimi nina jambo langu. Unajua pale mlangoni petu, kutoka barabarani mpaka barazani, palivyo na mabonde. Nikawaza nyonga ya mama yako, atikiswe hatua za mwisho, hapana. Nimechimba udongo mwekundu wa kule kwenye kingo, ule laini usio na hata kokoto, nimemwaga toroli kwa toroli na kusawazisha kwa mikono yangu. Umekuwa kama godoro. Kila jioni naupitia tena. Mama yako akiingia ataona alivyongojewa.

Baba yako,
Gideoni


Same, 28 Machi 2025

Baba, shikamoo,

Hatujambo, naandika haraka, Rodrick anapiga honi. Ule udongo mlangoni UONDOE! Ukinyeshewa utakuwa utelezi na utazamisha gari, foo-wili au si foo-wili. Weka mawe. Mawe, Baba! Hata machafu, hata makubwa. Huku mawingu yameshafunga upande wa milimani.

Mwanao,
Careen


Chome, 14 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia ulifika Same salama. Mimi mzima, mama yako mzima, na jogoo mwekundu mzima, yuko uani kwangu. Tumainieli kamleta mwenyewe kamfunga miguu, uso ameugeuzia pembeni.

Barua yako ya tarehe ishirini na nane nimeipata leo. Basi halikupanda kwa mvua, Rodrick kakaa nayo mfukoni wiki mbili. Mama yako kanisomea kwa sauti, akarudia, kisha akarudia tena pale kwenye "Mawe, Baba!" Nimesikia vizuri sana.

Nataka nikueleze uliyoyakosa, maana ulikuwa umekumbatia usukani, huoni pembeni.

Mimi injini sikuisikia. Niliona kuku wanatawanyika, nikajua. Tumainieli alikuwa amesimama kwa Ernesta tangu asubuhi, anasubiri mrudi nyuma. Anasema ulisimama, ukavuta gia, matairi ya mbele yakauma mawe na gari likapanda kona nzima bila kusita. Anasema alipiga makofi kabla hajakumbuka jogoo wake.

Kisha mkafika kwenye godoro langu. Eh, Careen! Mvua ya siku zile ilikuwa imeligeuza uji. Nililiona gari linazama mbele, likazama na nyuma, matairi manne yanazunguka yote sawasawa kama ulivyosema, na haliendi popote. Limepanda mlima wote, limekuja kushindwa na mapenzi yangu. Nikatamani ardhi inimeze, ila nayo ilikuwa imeshiba gari.

Halafu nikaiona ile miti miwili ya machela inatokea nyuma ya migomba. Mtu kakimbia kuileta. Nikamtazama mama yako kupitia kioo. Alikaza mkanda, akaweka fimbo mapajani, akatazama mbele kama yuko ibadani. Nilijua hashuki, hata angelala humo mpaka Pasaka.

Ni Tumainieli, mbishi yule, aliyeitwaa ile machela. Akavua turubai akalitupa, miti akaipenyeza chini ya gari, wa kwanza kutia bega. Wakaja wote, waliokuja kula makande na waliokuja kucheka. Ernesta mwenyewe alishika bampa. Mimi nilishika upande wa mama yako. Nikaona midomo yao inafunguka na kufungika pamoja, nikajua ni wimbo wa msaragambo, nikaimba na mimi. Wananiambia niliimba wimbo mwingine kabisa. Gari likanyanyuka, Careen, likasogea, likanyanyuka tena, mpaka gurudumu likagusa jiwe la baraza. Ulidhani limejitoa lenyewe, ulikuwa unakanyaga mafuta umefumba macho!

Mama yako akafungua mlango. Akashusha mguu mmoja barazani, akashusha wa pili. Viatu havikuwa na hata doa. Akaenda na fimbo yake mpaka kwenye kiti chake, akakaa.

Jumapili ya Mitende Ernesta kamtania baada ya ibada, "Dorkas, si ulisema hubebwi?" Mama yako kamjibu, "Mimi nilikuwa nimekaa. Kilichobebwa ni gari." Kanisa zima limecheka, na mimi nikacheka kwa sababu alinirudishia yote sikioni, kwa nguvu.

Tangu arudi anapiga kelele asubuhi mpaka jioni: chumvi imezidi, kuku wameingia, Gideoni vaa koti. Sikosi neno hata moja. Nina furaha mpaka naona aibu kwa majirani.

Njoo Pasaka, na Mzee Nassoro umlete ale jogoo. Mlangoni nimeweka mawe.

Baba yako,
Gideoni