Kabla Hujaenda Matrah

Darsait, Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nakuamkia kwa heshima, shikamoo, na namuomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute mzima, goti limepoa na presha imekaa sawa. Dada Shurooq ameniambia umerudi kuteremka ngazi mwenyewe bila ya kushikiliwa. Nimefurahi, lakini nakuomba usiukatae mkono wake. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mkweo Sayyida anakusalimia. Ule mchuzi wa papa uliotuletea tumeula mpaka tukapangusa sufuria kwa mkate.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mimi nipo Darsait na wewe upo Ghubra, sote ndani ya Maskati, na njia nzima ni lami. Nimejaribu kusema kwa mdomo, Mama. Jana nilikuja kwako nimejitayarisha. Ukanimiminia kahawa, ukaanza kunieleza mambo ya Ijumaa: nani utafuatana naye kwenda Matrah kwa Bi Rahila kumposa binti yake Rawan awe mke wangu wa pili, na kitambaa gani mtachukua, na kwamba Bi Rahila mwenyewe ameshaonesha kuridhia. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwako tangu Baba atutoke. Nikanywa kahawa, nikala halua, nikaondoka. Kwa hivyo naandika. Nakuomba uisome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe Shurooq akusomee.

Uliniuliza kwa simu safari ya India ilikuwaje, nikakujibu nzuri. Sasa nikueleze vizuri.

Unajua tulikwenda Haidarabad kwa ajili ya hospitali. Miaka tisa ya ndoa bila ya mtoto, na miaka yote hiyo Sayyida ndiye aliyepimwa. Kapimwa hapa Maskati, kapimwa Dubai, kameza vidonge, kachomwa sindano, na wewe mwenyewe ulimletea kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani kutoka Unguja, akalinywa lote asiache tone. Huko Haidarabad wana utaratibu wao, hawampimi mmoja wakamwacha mwengine. Vipimo vilipokuwa tayari, daktari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ndogo, alituita sote wawili akatupa majibu. Hayo majibu nitayafikia. Niwie radhi nianze na siku iliyofuata, kwa sababu lau si siku ile nisingekuwa na ulimi wa kuyasema.

Kutoka hospitali sikutamka neno, si garini, si mezani, si kitandani. Asubuhi Sayyida akafungua mapazia ya chumba cha hoteli, akaniambia: "Leo hatukai humu ndani. Nishakodi gari na mtu wa kututembeza, sisi peke yetu, mpaka magharibi. Kama unataka kunyamaza, njoo unyamazie nje."

Mtu mwenyewe akiitwa Sinan. Mnene, ndevu kazitia hina, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi. Kwao ni Barkas, mtaa wa huko ambao watu wake asili yao Hadhramaut. Babu zao walikuja zamani kuwa askari wa mfalme wa Haidarabad, wakabakia. Kiarabu chake kilikuwa cha kurithi, nusu yake Kiurdu, na kila sentensi ina wallahi mbili, lakini tukafahamiana. Alipojua kwamba sisi ni Waomani tuliokulia na Kiswahili nyumbani, alicheka kwa furaha akasema basi sote ni watu ambao babu zetu hawakuweza kutulia.

Hata hatujafika mjini akauliza: "Watoto wangapi?" Wewe unajua, Mama, watu wa kwetu na wa kule hawana swali jengine la kuanzia. Sayyida, aliyekaa nyuma, akamjibu kwa upole kabisa: "Bado hatujajaaliwa, ndugu yangu. Mimi ndiye mwenye matatizo. Tumekuja kwa ajili yangu." Nikatazama nje ya dirisha. Pikipiki zilikuwa zinatupita kulia na kushoto, familia nzima juu ya pikipiki moja, mtoto kabanwa katikati ya baba na mama.

Alitushusha Charminar, ule mnara mkubwa wa miguu minne unaosimama katikati ya njia, na watu, mikokoteni na magari yanauzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Sinan alijua wapi pa kusimama ili minara yote minne ionekane, akatupiga picha. Picha hiyo ninayo. Sayyida anacheka, mimi kama mtu aliyekuja kudai haki yake polisi. Tukaenda kunywa chai nzito ya maziwa na biskuti za chumvi na sukari, kisha tukaingia Makka Masjid, msikiti mkubwa wa mawe ulio jirani, ambao wenyewe husema baadhi ya matofali yake yalifinyangwa kwa udongo uliotoka Makka. Sinan akainua mikono akatuombea dua ndefu kwa sauti, akimtaja Sayyida kwa jina, kwamba Mungu alifungue tumbo lake. Sayyida akaitikia amin. Akaitikia kila mara, Mama, hakuruka hata moja.

Baadaye tukapita soko la bangili. Hujaona soko kama lile. Njia nzima inameremeta, maduka yote bangili tu, za kioo na za lakiri zilizotiwa vijiwe. Sayyida alikuchagulia wewe za kijani, ndizo zile alizokupa. Tulipokuwa tunatoka, Sinan akarudi dukani, akaja na bangili mbili ndogo, za kuingia mkono wa mtoto mchanga. Akampa Sayyida, akamwambia ni fali njema, azifiche kabatini mpaka binti aje. Alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akazitia mkobani. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, na nilijua anachokibeba. Nikashindwa kumtazama.

Mchana tukaenda Golconda. Ni ngome ya wafalme wa zamani, imejengwa juu ya jabali, na ngazi zake ni za kuchosha. Mlangoni pana kuba moja ya ajabu. Mtu akipiga kofi hapo chini, sauti inafika kileleni kabisa. Ndivyo walinzi walivyokuwa wakipelekeana habari. Sayyida akataka apande. Mimi nikasema jua kali, miguu imechoka. Hakunishurutisha. Akafuatana na wanafunzi wa kike waliokuja na mwalimu wao, akapanda nao, nikabakia na Sinan kivulini.

Tulipobaki wawili akaniwekea mkono begani, akaniambia kwamba tangu asubuhi anataka kunipa heshima yangu. Akasema mimi ni mwanamme wa kweli. Wangapi wengeliweza kukaa na mwanamke asiyezaa miaka yote hiyo, wakamgharimia, wakamleta mpaka nchi ya mbali, na bado wakamtembeza kama bibi harusi? Kisha akanisimulia habari za mama yake. Aliolewa kwanza na mtu mwengine, akakaa naye miaka mingi bila ya kushika mimba. Wakwe wakamtaabisha, mume akamwacha. Akarudi kwao, watu wakimwita mti mkavu. Halafu baba yake Sinan, mjane mwenye duka la viatu, akamuoa kwa kumsitiri tu. Akamzalia watoto saba. "Wallahi saba," akasema, "na mimi ni wa nne. Na yule mume wa mwanzo alioa mara tatu, hakupata hata mmoja. Lakini mpaka anakufa, watu walisema mama yangu ndiye aliyemroga."

Akacheka. Aliitoa kama hadithi ya kunipa moyo, kwamba mambo ya Mungu hayajulikani. Mimi, Mama, nikakaa chini pale pale kwenye jiwe. Nikamwambia: "Bwana Sinan, mke wangu hana ila yoyote. Ni mimi."

Sasa na wewe nimekwambia.

Daktari alitueleza bila ya kuzunguka. Sayyida ni mzima, kila kitu chake kimekamilika, na kilikuwa kimekamilika tangu siku uliyomvisha kanga ya harusi. Mimi ndiye nisiyeweza kuzalisha. Si maradhi niliyoyapata ukubwani, wala si jicho la mtu, wala si kitu cha kutibiwa kwa dawa au kisu. Nimezaliwa hivi. Nilimuuliza mara mbili, akanijibu mara mbili. Usije ukajiuliza ulikula nini au ulifanya nini ulipokuwa na mimba yangu. Nilimuuliza hilo pia, kwa sababu nakujua, akasema hakuna aliyekosea. Ndivyo Mungu alivyoniumba, na mimi nashukuru kwamba aliniumba tumboni mwako.

Sinan, aliyekuwa hana breki mdomoni tangu asubuhi, akasema tu: "Na amin zote zile mkeo aliniitikia." Akafuta uso kwa leso. Kisha, kwa kuwa hakujua la kusema, akaniambia niende chini ya kuba nipige makofi, mke wangu huko juu atanisikia. Nikaenda, nikapiga. Aliposhuka nikamuuliza kama alinisikia. Akasema alisikia makofi mengi, watu wote walikuwa wanapiga, hakujua langu lipi.

Jioni Sinan alitupeleka kwenye makaburi ya wafalme wa ngome ile, makuba makubwa ndani ya bustani. Akatuacha, akasema anakwenda kusali. Tukakaa kwenye ukuta mfupi, na hapo ndipo nilipozungumza na mke wangu. Nilimuomba radhi kwa ukimya wangu, na kwa kumwacha abebe aibu isiyokuwa yake mbele ya mgeni. Nikamwambia kwamba ana miaka thelathini na tano, bado anaweza kuzaa, na sheria imempa haki. Akitaka kuondoka nitamwacha kwa wema, na mimi mwenyewe nitawaambia watu sababu.

Sayyida akasema: "Miaka yote hii naiogopa siku utakayoniambia niondoke. Sikujua itakuja kwa sura hii." Nikamwambia simwambii aondoke, namwambia mlango hauna kufuli. Akanijibu: "Nimefahamu. Basi usinijibie, wala usinihimize. Umenipa jambo la kufikiri ambalo sikuwahi kuruhusiwa kulifikiri." Halafu akanishika mkono, akaniomba jambo moja tu, kwamba wewe nisikwambie. Alisema: "Mama ataumia, na moyo wake si mzima. Mwache adhani ni mimi. Mimi nishazoea."

Hilo ndilo nililomkatalia. Neno lile, nishazoea, ndilo lililonishikisha kalamu. Anajua kwamba nakuandikia. Aliingia sasa hivi akaweka chai mezani, akatoka bila ya kutazama karatasi.

Kwa hivyo Mama, nakuomba kwa haki ya maziwa uliyoninyonyesha, Ijumaa usiende kwa Bi Rahila. Rawan ni binti mwema, na mimi nikimuoa nitamtia katika msiba ule ule, na baada ya mwaka watu wataanza kumtazama tumbo. Mwambie Bi Rahila chochote utakachoona kinakusitiri. Ukipenda mwambie ukweli, mimi sitaona haya tena kuliko nilivyoona pale sokoni. Badala yake njoo kwetu Darsait, nitakufuata kwa gari baada ya sala. Sikufundishi namna ya kukaa na mkweo, wewe ndiye uliyenifundisha adabu. Lakini maneno yamesemwa, na mengine umeyasema wewe kwa uchungu wa kutaka mjukuu, na Sayyida alikuwa akija jikoni kulia kwa kisingizio cha vitunguu.

Bado hajanijibu. Pengine atabaki, pengine ataondoka, na mimi sijui niombe lipi, maana kila nikiomba abaki naiona haki yake upande wa pili. Akibaki, usimshukuru kwa niaba yangu, mpende tu. Na akiondoka, nakutaka wewe, si mwengine, umsindikize mpaka mlangoni, umbusu kichwani, umuombee dua apate watoto wengi, na siku utakayosikia kajifungua upeleke uji wa mzazi kama vile ni mjukuu wako.

Nisalimie Shurooq na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Usiache dawa ya asubuhi. Nisamehe kwa kukuandikia habari nzito namna hii, na niombee, kwani bado nina haja ya dua yako kuliko kitu chochote.

Ni mimi mwanao, ambaye hujapungukiwa naye,

Hamoud