Namba ya Tenki Langu

Jumanne, 5 Agosti
Nimepanda tenkini saa kumi na mbili kama kawaida. Upepo wa kukata masikio. Nimefungua sanduku, nimefuta vumbi kwenye redio. Taa ya kijani inawaka. Kazi ya redio hii ni kuiambia ile ya kisimani, kule bondeni, kwamba maji yamepungua, pampu ijiwashe. Tenki nusu. Pampu kimya asubuhi nzima. Nimelipiga sanduku kofi. Halikusikia.

Wanasema bibi wa darasa la nne hawezi mitambo. Waje wapande wao.

Jumatano, 6 Agosti
Pampu imewaka saa nne, saa tano ikajizima. Tenki robo. Nani kaizima?

Mwenyekiti wa kamati ya maji kaja na pikipiki, hata kushuka hakushuka. Kasema wenye ng'ombe wananung'unika. Jumapili baada ya ibada kuna kikao, wataamua ufunguo wa sanduku ukae kwa nani. Miaka minne ninao. Wakiuchukua, nani atapanda kwangu? Wanangu wako Arusha, hunikumbuka Krismasi. Wanaofika hapa hufika kuuliza maji.

Sijapika. Kumpikia mtu mmoja kunachosha.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia fundi. Kaanza kunifundisha upya, kama sikuwepo alipofunga. Kwamba redio hizi hazitulii mahali pamoja hewani, zinarukaruka kama panzi. Zenye namba moja ya mtandao huruka pamoja na kusikilizana. Yetu ni 37. Kaniuliza kama kuna mradi jirani wenye namba hiyo. Nimemjibu haraka, hakuna. Nikakata simu. Nikakaa juu ya jiwe.

Theresia.

Anatunza tenki la ng'ambo ya bonde. Rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana, na ndiye peke yake aliyebaki. Mwezi uliopita walifungiwa redio kama zetu, fundi akawaachia wazipange wenyewe. Akaja kuazima karatasi yangu ya mipangilio. Kwetu jirani humnyimi chumvi, utamnyima karatasi? Nikampa, na maneno juu yake. Nakili yote. Usibadili hata nukta. Wewe huna kichwa cha mitambo.

Kanakili yote. Na 37.

Basi tenki lake likisema nimejaa, pampu yangu inatii, inajizima. Langu likilia njaa, pampu yake inawaka, maji yanamwagika kwake. Na aliyeamuru ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Theresia kapiga simu. Tenki lao limefurika mpaka kwenye maharage ya watu. Wanamsema amelewa, kasahau pampu. Alikuwa analia. Nikamwambia aache kulia kama ndama. La namba sikumwambia.

Kumbe mimi mwoga. Umri wote huu sikujua.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimempigia fundi tena, nikamwambia ukweli nusu: ipo namba kama yetu. Kasema nichague nyingine, niweke sawa pande zote mbili, mengine nisiguse. Nimeshuka kisimani kwa miguu, magoti yananitukana njia nzima. Nimebonyeza. 52. Nimepanda tena, nimebonyeza huku. 52. Taa nyekundu. Nikasubiri. Kijani. Pampu ikanguruma kule chini, haikukatika mpaka tenki likajaa.

Nimeweza peke yangu. Wa kumwambia hayupo.

Nikinyamaza, ufunguo unabaki kwangu na lawama inabaki kwa Theresia.

Jumapili, 10 Agosti
Kikao nje ya kanisa. Theresia alikuwepo, kaletwa na kamati yake, kasimama nyuma kama mwizi. Mwenyekiti kashaongea na fundi, kajua namba hiyo iko ng'ambo. Kanisifu kwanza. Kisha kasema Theresia kaiba namba yetu. Mmoja akadakia, mlevi akikosa pombe huiba hata namba. Wakacheka.

Nikasimama. "Hakuiba. Karatasi nilimpa mimi, nikamkataza asibadili kitu. Na tangu Alhamisi nilijua."

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. "Basi bibi, lete ufunguo."

Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la khanga. Fundo lilikataa kufunguka, wote wakanisubiri. Kapewa mke wa katibu.

Kikao kilipoisha nikamfuata Theresia. Hakunipa mkono. "Siku tatu, Paulina. Siku tatu umeniacha nitukanwe."

Nikarudisha mkono wangu kwenye khanga.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeamka saa kumi na moja. Sina pa kwenda. Mke wa katibu kapanda saa mbili, jua limeshatoka. Nimemwona kupitia dirisha. Sijamkemea. Maji yameingia tenkini vizuri.

Mchana Theresia kapita barabarani na punda wake, anakwenda kusaga. Kaniamkia bila kusimama. Nimeitikia.

Nimepika makande, kidogo.